Kuishi majimbo mawili Marekani: maswali mnayoniuliza kuhusu benki

Mimi ni muuguzi. Kwangu ni Minneapolis, jimbo la Minnesota, alipo mume wangu na watoto. Kila mwaka baridi inapoanza kubana huwa nachukua mkataba wa wiki 13 kusini, mara nyingi Texas, na ukiisha huenda nikaongeza mwingine. Karibu nusu ya mwaka nalala kitanda cha kupanga. Wenzangu wengi kutoka Kenya, Tanzania na Congo wanaishi hivyo hivyo: madereva wa malori, wauguzi, wanafunzi ambao wazazi wako jimbo jingine, mabibi na mababu wanaougawa mwaka kati ya watoto wawili. Wanachoniuliza kuhusu benki ni kile kile kila msimu, kwa hiyo nimekiweka hapa pamoja na majibu yangu.

Nikienda jimbo jingine kwa miezi michache, ni lazima nifungue akaunti mpya?

Hapana. Akaunti uliyofungua Ohio inafanya kazi Arizona bila kumwomba mtu ruhusa. Kadi itapita, mshahara utaingia, kodi ya nyumba utalipa. Fungua ya pili pale tu unapoona kuna kazi ambayo ya kwanza haiwezi kuifanya ukiwa mbali, na kazi hizo nitazitaja huko chini.

Basi niangalie nini kwanza ninapochagua?

Wengi huangalia matawi. Mimi nasema uanze na barua.

Mwaka wangu wa pili wa mikataba, kadi yangu ya benki ilikuwa inaisha muda mwezi Januari. Benki ikatuma mpya Minneapolis, kama ilivyopaswa, kwa kuwa ndiyo anwani waliyokuwa nayo. Bahasha ilikuwa nyeupe, haina hata jina la benki kwa nje, na mume wangu aliiweka pamoja na matangazo ya pizza. Mimi niko Houston, kadi ya zamani imekufa, benki yangu haina tawi hata moja Texas. Nikapiga simu, wakasema watatuma nyingine, ila kwa anwani iliyo kwenye kumbukumbu zao tu. Kubadilisha anwani kwa simu kulihitaji namba ya siri watakayotuma kwa barua, nayo iende Minneapolis. Siku 11 niliishi kwa fedha nilizokopeshwa na dada mmoja wa Kisumu niliyekuwa nafanya naye zamu za usiku. Mungu ambariki.

Tangu hapo, benki yoyote naiuliza maswali matatu kabla ya kujaza fomu. Je, mnaruhusu anwani ya makazi na anwani ya barua ziwe tofauti? Je, naweza kubadilisha anwani ya barua mwenyewe kwenye programu ya simu? Na kadi ikipotea, mtaituma nilipo, kwa siku ngapi na kwa ada gani? Ukijibiwa vizuri maswali hayo, mengine yote ni madogo.

Posta si inaweza kunihamishia barua?

Inaweza, lakini usiitegemee kwa kadi. Posta ya Marekani hukubali ombi la muda la kuhamisha barua, kuanzia siku 15 hadi mwaka mmoja. Tatizo ni kwamba benki nyingi huandika juu ya bahasha kwamba barua isipelekwe kwingine, irudishwe kwa mtumaji. Hivyo kadi yako hugeuka na kurudi ilikotoka wakati wewe unaisubiri Dallas.

Kinachonisaidia zaidi ni huduma ya bure ya posta hiyo hiyo inayoitwa Informed Delivery. Kila asubuhi inakutumia kwa barua pepe picha ya bahasha zinazokuja nyumbani siku hiyo. Mimi huangalia nikiwa kwenye mapumziko ya chai, nikiona bahasha ya kutilia shaka nampigia mume wangu: ile nyeupe ndogo usiitupe.

Chagua pia taarifa za akaunti zije kwa barua pepe. Hilo si la urahisi tu. Kwa sheria ya hapa, fedha zikitolewa kwa kadi yako ya debiti iliyoibwa, ukitoa taarifa ndani ya siku 2 za kazi baada ya kugundua, hasara yako haizidi dola 50. Ukichelewa, inaweza kufika dola 500. Na zikipita siku 60 tangu benki itume taarifa inayoonyesha wizi huo bila wewe kusema neno, fedha zinazoendelea kuibwa baada ya hapo zinaweza kuwa hasara yako yote. Siku 60 ni chache kuliko mkataba mmoja wa wiki 13. Karatasi hiyo ikikusubiri mezani kwenye nyumba usiyokuwepo, muda unakimbia bila wewe.

Kwa nini benki haikubali sanduku la posta? Nyumbani kila mtu ana S.L.P.

Hili huwasumbua wageni wengi, nami lilinisumbua. Kwetu sanduku la posta ndiyo anwani yenyewe, hata shule na kanisa vina S.L.P. Huku, sheria iliyotungwa baada ya Septemba 2001 inaitaka benki ipate kwa kila mteja jina, tarehe ya kuzaliwa, namba ya utambulisho, na anwani ya mahali anapokaa kweli: namba ya nyumba na jina la mtaa. Sanduku la posta linaweza kuwa anwani ya barua, lakini si ya makazi.

Kwa mtu wa majimbo mawili, ya makazi ni moja tu: ile iliyo kwenye leseni yako ya udereva na kwenye fomu zako za kodi. Usiandike nyumba ya rafiki ili tu ufungue akaunti jimboni kwake. Siku benki ikitaka uthibitisho, bili ya umeme haitakuwa na jina lako, na akaunti inaweza kufungwa huku fedha zimo ndani.

Benki kubwa, benki ndogo ya mtaani, saccos, au ya mtandaoni?

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu jibu linategemea majimbo yako ni yapi.

Kwanza ondoa wazo kwamba benki kubwa ipo kila mahali. Hakuna benki yenye matawi majimbo yote 50. Chase ndiyo iliyofika mbali zaidi: mwaka 2021 ilikamilisha majimbo 48 yaliyoungana, yaani yote isipokuwa Alaska na Hawaii. Nyingine kubwa zina mapengo, na pengo lenyewe linaweza kuwa jimbo lako. Tena kuwa na tawi jimboni si kuwa na tawi karibu. Texas ni kubwa, na kuna miji ambayo tawi lililo jirani ni mwendo wa saa mbili. Usitafute kwa jina la jimbo. Weka namba ya posta ya eneo la kila nyumba (ZIP code, si S.L.P.) kwenye ramani ya benki, nyumba zote mbili, uone.

Benki kubwa inafaa kama nyumba zako zote mbili ziko karibu na matawi yake na unashika fedha taslimu. Kasoro yake ni ada ya mwezi. Mara nyingi ni dola 10 hadi 15, na husamehewa kama mshahara unaingia moja kwa moja au salio halishuki chini ya kiwango fulani. Sisi wa mikataba tuna wiki za katikati ambazo mshahara hauingii. Uliza: mwezi ambao sina mshahara mnanikata? Ada ndogo ya kila mwezi kwa miaka mitano ni nauli ya kwenda Dar es Salaam.

Benki ndogo ya mtaani huwa na watu wanaokujua kwa jina, na hilo nalipenda. Lakini nyingi hufungua akaunti kwa wakazi wa jimbo lao au hata wa wilaya zao tu, na ukiwa mbali huna tawi wala ATM yao. Ninayo moja Minneapolis kwa ajili ya mkopo wa nyumba. Sitembei nayo.

Saccos za hapa ndizo hukumbukwa mwisho, na mimi ningeanza nazo. Ukiona bango limeandikwa Credit Union, hiyo ni saccos kwa maana tunayoijua: wenye akaunti ndio wanachama na ndio wamiliki. Ili ujiunge lazima uwe na uhusiano fulani, kwa mfano unafanya kazi hospitali fulani, unakaa wilaya fulani, au una ndugu aliye mwanachama. Kwa kawaida ukishaingia hutolewi kwa sababu umehama.

Watu wengi hawajui kwamba saccos nyingi zimeungana katika mtandao wa matawi ya pamoja, zaidi ya 5,000 nchi nzima. Mwanachama wa saccos ya Minnesota anaingia kwenye tawi la saccos nyingine kabisa Texas, anataja jina la saccos yake, anaonyesha kitambulisho na namba ya akaunti, na anaweka au kutoa fedha. Nimefanya hivyo mara nyingi. Kuna pia mtandao wa ATM zaidi ya 30,000 zisizokata ada. Mipaka ipo: si kila saccos imejiunga, kiasi cha kutoa taslimu kina kikomo, na tawi la wenzao halitakupa kadi mpya. Basi uliza kabla ya kujiunga: je, mko kwenye matawi ya pamoja?

Benki za mtandaoni, kama Ally, hazina matawi popote, kwa hiyo kwao jimbo lako halina uzito. Riba ya akiba huwa nzuri kuliko ya benki kubwa na ada ya mwezi mara nyingi hakuna. Baadhi hukurudishia ada za ATM za watu wengine. Akaunti ya matumizi ya Charles Schwab inajulikana kwa hilo, hata nje ya nchi, na nikienda Tanga ndiyo kadi ninayotembea nayo. Upungufu wao ni fedha taslimu na mambo ya kusimama mbele ya mtu.

Mimi nina mbili: saccos ya Minnesota ambako mshahara unaingia, na ya mtandaoni kwa akiba. Dereva wa lori asiyekaa jimbo moja wiki mbili ningemwambia afanye vivyo hivyo. Mwanafunzi ambaye nyumba zote mbili ziko mjini, benki kubwa inamtosha.

Siku hizi tawi ni la kazi gani?

Kazi chache, lakini zikija huwa na haraka. Hundi ya benki, ile inayotolewa na benki yenyewe (cashier's check), kwa ajili ya kununua gari au kulipia nyumba. Saini mbele ya notari, hasa kwa karatasi za kiwanja au uwakilishi wa kisheria unazotuma nyumbani. Akaunti iliyofungwa kwa kushukiwa wizi. Mume au mke kufariki. Mbili za kwanza unaweza kuzipanga kabla hujasafiri. Mbili za mwisho hazipangwi, na kwa hizo nataka angalau benki yangu moja iwe na mtu wa kumwona uso kwa uso, hata kwa safari ya saa moja.

Mimi ni msusi, nalipwa taslimu. Benki ya mtandaoni itanifaa?

Kwa akaunti kuu, hapana. Hapa hakuna wakala kila kona kama wa M-Pesa au Tigo Pesa (siku hizi Mixx by Yas) uliyemzoea. Baadhi ya benki za mtandaoni huruhusu kuweka taslimu kwenye maduka au kwenye ATM fulani, mara nyingi kwa ada na kwa kikomo cha siku. Anayeweka dola 400 kila Jumamosi anahitaji tawi au ATM inayopokea noti, katika miji yote miwili. Matawi ya pamoja ya saccos yanafaa hapa.

Rafiki yangu na mimi tuko benki moja, mbona namba zetu za rautingi ni tofauti?

Namba ya rautingi ndiyo ile ya tarakimu 9 inayoitambulisha benki. Zamani benki za hapa zilibanwa ndani ya majimbo. Sheria ya mwaka 1994 ndiyo iliyofungua njia ya benki kuwa na matawi majimbo mengi nchi nzima. Benki kubwa zilikua kwa kununua nyingine, na namba za zamani zikabaki. Ndiyo maana Chase, Wells Fargo na Bank of America zina namba tofauti kulingana na jimbo ulikofungulia akaunti.

Ukihamia jimbo jingine, namba yako haibadiliki. Usichukue ya tawi la jirani yako kutoka kwenye tovuti ukampa mwajiri. Chukua iliyo kwenye programu yako au chini ya hundi yako. Mshahara wa mwenzetu mmoja ulizunguka wiki nzima kwa kosa hilo.

Hundi ya mwajiri wa Texas, nikiiweka Minnesota itachelewa?

Haicheleweshwi kwa sababu ya jimbo. Zamani hundi ya mbali iliweza kuzuiwa muda mrefu kuliko ya karibu, lakini tangu mwaka 2010 hundi zote za nchi nzima huhesabiwa kuwa za karibu. Ukiiweka kwa karani, dola 275 za kwanza kwa kawaida zinapatikana siku ya kazi inayofuata. Akaunti ikiwa mpya, chini ya siku 30, benki ina ruhusa ya kushikilia zaidi. Usifungue akaunti wiki unayohama ukaitegemea kwa kodi ya nyumba.

Kadi inazuiwa kila nikifika. Nifanyeje?

Namba ya simu iliyo benki iwe ndiyo unayotembea nayo, kwa sababu ujumbe wa kuuliza kama ni wewe unakwenda huko. Kama benki yako bado inapokea taarifa ya safari, itoe. Na usisafiri na kadi moja. Mbili, za benki mbili, moja isikae kwenye pochi.

Nikiweka fedha Texas, ambako hakuna kodi ya mapato ya jimbo, nitaepuka kodi ya Minnesota?

Hapana, tafadhali usimsikilize anayekwambia hivyo. Riba ya benki inafuata jimbo la makazi yako, haijalishi tawi liko wapi. Ukipata riba ya dola 10 au zaidi kwa mwaka, benki hutuma fomu ya 1099-INT kwako na kwa serikali, ikiwa na anwani uliyowapa.

Majimbo mengi pia huhesabu siku: ukiwa na nyumba jimboni na ukakaa humo siku 183 au zaidi, linaweza kukudai kama mkazi hata kama moyo wako uko kwingine. Mshahara nao una kanuni zake kwa kazi unayofanyia jimbo jingine. Kwa hayo mlipe mtaalamu wa kodi mara moja, mwaka wa kwanza. Mimi nilimlipa na sijajuta.

Nikifungua akaunti za benki ile ile katika majimbo mawili, ulinzi wa fedha unaongezeka?

Hauongezeki. FDIC, shirika la serikali la bima ya fedha zilizo benki, hulinda hadi dola 250,000 kwa mtu mmoja, katika benki moja, kwa aina moja ya umiliki. Matawi ya majimbo mawili ni benki moja. Saccos zina mfuko wao chini ya NCUA, shirika la serikali linalozisimamia, kiwango ni hicho hicho. Akaunti ya pamoja ya mke na mume huhesabiwa 250,000 kwa kila mmoja.

Chime na programu kama hizo ni benki?

Chime si benki. Fedha zako hukaa kwenye benki zilizo nyuma yake. Watu wengi huitumia bila shida. Lakini kumbukeni mwaka 2024, kampuni ya Synapse, iliyounganisha programu kadhaa na benki, ilipofilisika. Wateja wengi walifungiwa fedha zao kwa miezi, kwa kuwa hesabu za nani ana kiasi gani hazikulingana, ingawa benki zenyewe hazikuwa zimefilisika. Bima ya FDIC huja benki inapoanguka, si anapoanguka mtu wa kati. Tumia programu hizo kwa matumizi ya wiki. Akiba ya ada ya mtoto iweke benki yenyewe.

Mimi ni Muislamu, sitaki riba. Nitapata wapi?

Akaunti nyingi za kawaida za matumizi hazilipi riba kabisa, omba hiyo. Ukitaka taasisi iliyojipanga kwa jambo hilo, University Bank ya Ann Arbor, Michigan, ina kampuni tanzu inayoshughulikia fedha za Kiislamu, na imehudumia wateja wa majimbo mengi, hasa kwa kununua nyumba.

Kutuma fedha nyumbani kunaathiriwa na benki niliyochagua?

Sasa ndiyo. Kuanzia tarehe 1 Januari 2026 kuna kodi ya asilimia 1 kwa fedha zinazotumwa nje ya nchi, ikiwa umelipia kwa taslimu, hundi ya benki au njia za aina hiyo. Ukilipia kutoka akaunti ya benki ya Marekani au kadi iliyotolewa hapa, haikuhusu. Kwa hiyo yule anayepeleka noti dukani kila mwisho wa mwezi kwa sababu benki yake iko jimbo jingine, sasa anailipia tabia hiyo: dola 5 kwa kila dola 500.

Nimeondoka jimbo lile moja kwa moja. Niiache tu akaunti yenye salio dogo?

Usiiache. Ada itaila, au itakaa kimya, na baada ya miaka 3 hadi 5, kulingana na jimbo, benki inapaswa kuikabidhi serikali ya jimbo kama mali isiyo na mwenyewe. Mara nyingi jimbo lenyewe ni lile la anwani yako ya mwisho waliyo nayo, si unakoishi sasa. Haipotei, ila kuidai ni fomu juu ya fomu.

Ukitaka kuifunga, kwanza hamisha mshahara na bili zote, subiri mwezi mzima uone kama kuna kilichosahaulika kinachokatwa, kisha toa salio na uombe barua ya kuthibitisha kwamba imefungwa. Na kama umewahi kukaa majimbo mawili au matatu, andika jina lako kwenye MissingMoney.com, tovuti ya kutafutia fedha kama hizo zilizokabidhiwa majimbo. Kutafuta ni bure. Jaribu na namna zote walizowahi kukosea kuandika jina lako. Langu nililikuta limeandikwa bila herufi ya mwisho, na dola 84 za amana ya umeme wa nyumba niliyohama zamani.